Mpingo Hauna Maneno

Kuna hukumu moja ambayo tumeizoea mno hata hatuioni tena kuwa ni hukumu. Tunasema kwamba muziki ni wimbo, na wimbo ni maneno. Mtu akiisifu bendi, husifu mashairi yake. Akiikashifu, hukashifu mashairi yake. Mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga tumba huhesabiwa kama wapagazi waliobeba machela, na aliyelala ndani ya machela ni mwimbaji. Nataka kuipinga hukumu hiyo, tena kwa ukali, kwa sababu nimeona kwa macho yangu jinsi inavyowanyima watu haki yao.

Wako rafiki zangu wawili hapa Rondo. Mmoja hupiga gitaa la solo, mwenziwe hupiga dramu na tumba. Wamepiga pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini, katika kumbi na harusi za Lindi, Mtwara, Masasi na Nachingwea. Bendi zimevunjika chini ya miguu yao, waimbaji wamekuja na kuondoka, vyombo vimeuzwa na kununuliwa upya, lakini wao hawajaachana. Sasa wamepania kufanya jambo ambalo hawajawahi kulifanya: kurekodi albamu nzima isiyo na mwimbaji hata mmoja. Wanataka gitaa lenye mwangwi, gitaa linalolia, kukoroma na kupotelea mbali kisha kurudi, na chini yake ngoma inayozunguka dakika kumi bila kuchoka. Muziki wa namna hiyo wenzetu wa Ulaya na Marekani waliupa jina la saikedelia.

Tangu walipolitangaza wazo hilo wamepata majibu ya namna tatu. Wa kwanza wanasema: huo si muziki, kwa sababu haufundishi kitu. Wa pili wanasema: huo ni uhuni wa kigeni, muziki wa wavuta bangi. Wa tatu, ambao ndio wapole kuliko wote, wanasema: fanyeni, lakini nani atanunua? Wote watatu humalizia kwa ushauri mmoja: tafuteni mwimbaji. Nitawajibu mmoja mmoja.

Nianze na huyu wa mafunzo. Huyu hakuzaliwa hivyo; alifinyangwa. Alifinyangwa kwanza shuleni, ambako kila shairi na kila hadithi ilipasuliwa vipande viwili, fani upande huu na maudhui upande ule, halafu mtihani ukamwuliza dhamira ni nini, ujumbe ni nini, falsafa ya mwandishi ni ipi. Fani ilipewa alama chache, ikawa kama maganda ya chungwa. Akafinyangwa mara ya pili na redio. Kwa miaka mingi, mpaka vituo binafsi vilipoanza katikati ya miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio ya bendi zetu na ndiyo iliyokuwa sikio la nchi nzima. Kabla bendi haijarekodi, maneno ya nyimbo yalipitiwa na watu waliopewa kazi hiyo. Maneno yaliweza kukataliwa; wimbo wa Remmy Ongala wa Mambo kwa Soksi, uliohimiza kondomu wakati wa UKIMWI, haukupata nafasi hewani. Mkaguzi alishika karatasi mkononi. Gitaa haliandikwi kwenye karatasi ile, basi gitaa halikukaguliwa, na kisichokaguliwa tukakiona hakina uzito. Nasi wasikilizaji tukaiga: tukajifunza kusikiliza muziki kama wakaguzi, tukitafuta ujumbe, na tulipoupata tukafunga masikio.

Lakini matendo ya huyu ndugu yanamsuta. Namwuliza: wewe uliyecheza Franco na Tabu Ley usiku kucha, ulijua Kilingala? Tanzania nzima, kutoka Kigoma mpaka Lindi, imecheza nyimbo za Kongo miaka zaidi ya hamsini, na katika watu mia moja waliokuwa ukumbini huenda asipatikane hata mmoja aliyeweza kueleza mwimbaji amesema nini. Tuliimba naye kwa kubahatisha silabi. Kwetu sisi sauti yake ilikuwa ala kama saksofoni, na bado tulilia machozi penye huzuni na kuruka penye furaha. Ni nani aliyetuambia hapa pana huzuni na hapa pana furaha, kama si muziki wenyewe?

Na tuugeuze upande wa pili. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya Expo 70. Wajapani waliowasikiliza hawakujua Kiswahili. Walichoweza kukipokea ni lile gitaa la Mbaraka na mwendo wa bendi nyuma yake. Je, tuseme Taifa lilituma ujumbe mtupu?

Tena dansi letu lenyewe lina ushahidi ndani yake. Kila aliyewahi kuingia ukumbini anajua kwamba wimbo huanza polepole, beti zikaimbwa, watu wakiwa bado wamekaa na chupa zao. Kisha hufika mahali ambapo waimbaji hurudi nyuma, magitaa hushika usukani na tumba huongeza mwendo. Hapo ndipo penye chemko. Hapo ndipo viti hubaki vitupu. Kwa hiyo kila wimbo wa dansi umekuwa na muziki usio na maneno katika nusu yake ya pili, na nusu hiyo ndiyo watu waliyoilipia kiingilio. Rafiki zangu wanaomba waruhusiwe kuanzia pale ambapo wengine hufikia.

Na wanaodhani muziki wa ala ni jambo jipya katika pwani yetu, waende Unguja. Taarabu ya kale ya Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa na desturi ya kufungua onyesho kwa bashraf. Bashraf haina mwimbaji. Fidla, udi, ganuni na nai huzungumza wenyewe kwa wenyewe, na wasikilizaji hukaa kimya na kanzu zao na mabuibui yao, wakiitia nafsi utulivu kabla ya mashairi. Asili yake ni Uturuki, ikapitia Misri, ikatua Unguja, ikawa yetu. Sijapata kusikia kwamba kulikuwa na mtu aliyesimama katikati ya bashraf akauliza ujumbe uko wapi. Angeonekana hana adabu.

Sasa nimgeukie wa pili, huyu wa uhuni wa kigeni. Huyu namheshimu kidogo kuliko wa kwanza, kwa sababu angalau anakiri kwamba sauti tupu ina nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayomtisha, wala si mtu wa kwanza kutishika. Mwezi wa Novemba 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Dar es Salaam, walipiga marufuku muziki wa soul. Maneno ya nyimbo zile yalikuwa ya Kiingereza cha Wamarekani weusi, na vijana wengi waliokuwa wakizicheza hawakuyafuata yote. Kilichowakera wakuu hakikuwa mafundisho ya beti. Ilikuwa ni mdundo, mikao ya miili, na vijana kutoroka shule kwenda kuucheza mchana. Wale wakuu walielewa jambo ambalo mkosoaji wetu wa kwanza halielewi: muziki humfanyia mtu kazi kabla hajaelewa neno. Tofauti yangu nao ni kwamba wao waliliogopa jambo hilo, mimi nalipenda.

Ama hili la ugeni, tusidanganyane. Gitaa ni mgeni. Dramu ni mgeni. Beni iliyochezwa pwani nzima ilitokana na bendi za kijeshi za wakoloni. Kinachoulizwa ni wenyeji wamekifanyia nini kilichokuja. Vijana wa Sunburst walianza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakalichukua gitaa la roki na kulichanganya na midundo ya hapa, wakiwa Watanzania pamoja na mpiga gitaa wa Kikongo. Mwaka 1976 walitoa albamu ya Ave Africa, ambayo waliirekodi Zambia. Waliimba, ndiyo, lakini sikiliza gitaa lile na kinanda kile uniambie kama kazi ilikuwa ya maneno peke yake. Patrick Balisidya na Afro 70 yake walikutana na kundi la Archimedes Badkar la Uswidi wakatoa pamoja Bado Kidogo. Sisi tukawasahau Sunburst mpaka mwaka 2016, kampuni ya London ilipowatoa upya, na vijana wa Ulaya wakawa wanatueleza sisi kwamba tulikuwa na bendi ya maana. Hiyo ndiyo bei ya kuita kila jipya uhuni: mali yako hurudishwa kwako na mgeni, tena kwa kuuziwa.

Na huyu ndugu anayeishi Mkoa wa Lindi anapaswa kuona haya zaidi ya wengine wote. Mti gani hutengeneza klarineti na oboe za Ulaya? Ni mpingo. Mpingo huu wetu, mweusi kwa ndani, mzito hata huzama majini, wenye kuchukua miongo mingi kukua kabla haujafaa kukatwa. Kilwa, hapo jirani, mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, na ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayotunzwa na wanavijiji wenyewe. Okestra za Ulaya hukaa jukwaani saa nzima bila mwimbaji zikipuliza mti uliotoka katika misitu kama hiyo. Iweje sauti isiyo na maneno iwe halali kwa gogo, na iwe haramu kwa watu waliozaliwa karibu na gogo hilo?

Lakini mpingo una shahidi mkubwa kuliko klarineti. Nazungumzia vinyago vya Wamakonde, na hasa vile vinavyoitwa shetani. Mchongaji Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huo katika miaka ya 1950. Kitazame kinyago cha shetani. Jicho liko penye shavu, mkono umetokea kichwani, tumbo lina tundu ambamo unaona upande wa pili wa chumba. Si mtu, si mnyama, wala si kitu kilichopata kuonekana njiani. Mchongaji amelifuata gogo, amezifuata nyuzi zake na mafundo yake, na amekitoa kilichokuwa akilini mwake. Neno lile la saikedelia lilitangazwa mwaka 1957 na tabibu wa akili aliyeitwa Humphry Osmond, akiliunda kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuidhihirisha nafsi. Naam, wakati Osmond akitafuta jina katika Kigiriki, mchongaji wetu alikuwa ameketi chini ya mti na tezo mkononi, akiidhihirisha. Kinyago hicho leo kinauzwa viwanja vya ndege, kinawekwa ofisini kwa mabwana wakubwa, na huitwa fahari ya Taifa. Hakuna anayekiuliza ujumbe. Basi mtu wa kusini anayekikubali kinyago cha shetani na kulikataa gitaa linalopinda sauti jinsi kinyago kinavyopinda mwili, anieleze amepata wapi mpaka huo.

Ama habari ya bangi, ni kweli kwamba wanamuziki wengi wa San Francisco na London wa miaka ya 1960 walitumia dawa za kulevya, na baadhi ziliwaua. Sitalificha hilo. Lakini kusema kwamba sauti ya namna ile haiwezi kupatikana bila dawa ni kuutukana ubongo wa binadamu, na ni kuzitukana ngoma za pwani. Katika ngoma za kupunga pepo mtu hutolewa nje ya nafsi yake ya kila siku kwa mdundo unaorudiwa saa baada ya saa. Wazee walijua zamani kwamba marudio hufanya kazi. Rafiki zangu hufanya mazoezi jioni wakitoka shamba, na katikati yao huwa pana birika la chai.

Nimesikiliza mazoezi hayo, na ningependa niseme nilichokisikia, kwa sababu wengi wanaowahukumu hawajasikiliza. Mpiga solo huanza na sauti tatu tu, akizirudia. Mpiga dramu hamfuati. Humwachia nafasi, kama mtu anayemwachia mzee amalize sentensi. Kisha huingia kwa kijiti kimoja pembeni ya ngoma. Dakika hupita. Gitaa likipanda, ngoma hushuka. Gitaa likianza kupotea katika mwangwi wake, ngoma hulirudisha nyumbani kwa pigo moja la mguu. Hawatazamani. Miaka ishirini ya kupiga nyuma ya waimbaji imewafundisha kusikia hata pumzi ya mwenzake. Haya ndiyo mazungumzo yao, na ukiyatia sauti ya mtu wa tatu kueleza mapenzi ya Mwanahawa, utakuwa umewakatiza.

Na tusisahau haki. Katika miaka yote hiyo ishirini, ni mara ngapi majina yao yametajwa? Mtangazaji husema wimbo huu umeimbwa na fulani. Bango la dansi huandika fulani na bendi yake. Mwimbaji akihama, magazeti huandika; mpiga besi akifa, habari hubaki mtaani kwake. Watu hawa wamevaa viatu vya wengine mpaka vimechakaa. Leo wanataka kuvaa vyao, tunawaambia watafute miguu ya kuazima! Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hoja ya kwamba muziki lazima uwe na maneno ikiachwa isimame, itakuwa na maana kwamba mtu anaweza kuitumikia sanaa maisha yake yote na bado asiwe na haki ya kusema kwa ala aliyoitumikia.

Nimfikie wa tatu, mpole wetu wa biashara. Anasema haitanunuliwa. Huenda. Lakini dansi lenye maneno nalo linanunuliwa na nani siku hizi? Wanamuziki wakongwe wangapi wenye nyimbo zinazoimbwa na kila mtoto walizeeka bila nyumba? Maneno hayakuwalinda. Tena muziki usio na maneno hauhitaji mkalimani mpakani. Kampala kuna kundi la Nihiloxica, la wapiga ngoma wa Kiganda pamoja na wenzao kutoka Uingereza. Walianza kutoa kazi fupi mwaka 2017, na mwaka 2020 wakatoa albamu yao kamili ya kwanza, Kaloli, jina la korongo yule mkubwa wa majalala ya Kampala. Ngoma na mitambo ndivyo vilivyobeba kazi ile, na ilisikilizwa Ulaya na kwingineko na watu wasiojua hata Uganda iko upande gani wa ziwa. Siahidi kwamba rafiki zangu watapata bahati hiyo. Nasema tu kwamba mlango upo, na waliofunga macho ndio wanaosema ni ukuta.

Sina ugomvi na mashairi. Lugha hii imelelewa na washairi, nami naila kila siku. Wala sisemi kwamba kila mlio usio na maneno ni hazina. Debe tupu nalo halina maneno, na haliachi kuvika. Kinyume chake, muziki wa ala una mtihani mgumu zaidi. Mwimbaji aliyechoka hujificha nyuma ya ujumbe mzuri, na sisi humsamehe kwa kuwa amehimiza kilimo au ameonya juu ya ulevi. Mpiga gitaa aliye peke yake hana pa kujificha. Akiwa hana la kusema, tutajua katika dakika ya pili. Basi wahukumiwe kwa mtihani huo: je, wanasikilizana? Je, wanatutoa mahali na kutupeleka mahali? Wakishindwa, tuwaambie wameshindwa. Lakini tuwaambie baada ya kusikiliza.

Katika msitu huu wa Rondo kuna komba mdogo sana, mwenye kubebeka kiganjani, ambaye wataalamu walimtambulisha kwa ulimwengu katika miaka ya 1990 na kumpa jina la mahali hapa. Komba hufanana mno gizani. Alama kubwa ya kumtenganisha na ndugu zake ilikuwa mlio wake wa usiku. Watu walikaa msituni na vinasa sauti, wakasikiliza bila kumuuliza ana ujumbe gani, ndipo wakajua kwamba huyu ni mwingine na hana mfano.

Kwa hiyo ninawaomba wenye kumbi za Lindi na Mtwara wawape hawa wawili usiku mmoja. Ninawaomba watangazaji, wanapopiga wimbo wowote, wamtaje na aliyepiga gitaa. Ninawaomba walimu wa fasihi waipe fani alama zake. Na rafiki zangu ninawaambia: rekodini, wala msitafute mwimbaji. Mtu akija kuwauliza ujumbe wake ni nini, mpeni mkononi kinyago cha shetani, kizito, cheusi, chenye jicho penye shavu, mwambieni aanze yeye kutueleza ujumbe wa hicho.